Nani Aliimba?



Kamati ya Jubilei ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, ofisi ya katibu ilipewa kuandika historia. Tulidhani ni kazi ya wiki moja. Tulikuwa na madaftari matatu ya mahudhurio, bahasha ya picha zilizoanza kufifia, na kaseti moja. Kaseti ndiyo iliyotuchelewesha.

Ni ile kaseti ya kwanza ya kwaya yetu, ambayo baadhi yenu bado mnayo nyumbani ingawa redio ya kuichezea iliharibika zamani. Ilirekodiwa miaka ya tisini kwa pesa za harambee na mandazi yaliyouzwa nje ya kanisa baada ya Misa. Upande wa pili, wimbo wa tatu, kuna sauti ya mwanamke inayoanza peke yake kabla besi hazijaingia. Wengi wetu tulioko kwenye kamati leo tulikuwa watoto wakati huo, na tulijifunza kuimba kwa kuifuata sauti hiyo. Basi tukafungua karatasi ya jalada ili tunakili jina lake. Jalada lina jina la mwalimu wa wakati huo, jina la studio, namba ya simu ya studio na jina la kaseti. Kisha maneno mawili: "na kwaya". Basi. Soprano, alto, tenor na besi, wote wamo ndani ya maneno hayo mawili.

Tulipouliza mkutanoni ni nani aliimba, wazee walitazamana. Walimjua vizuri. Lakini mama huyo alihamia kanisa lingine miaka mingi iliyopita, na kuondoka kwake hakukuwa kwa amani. Wapo walioona si vyema kumtaja katika kijitabu cha Jubilei ya parokia. Wengine wakasema afadhali tusitaje mtu yeyote, kwa kuwa sisi tunamwimbia Mungu, naye anawajua walio wake. Hoja hiyo si nyepesi, na tuliondoka mkutanoni tukiwa tumeibeba.

Katika wiki zilizofuata tulianza kusoma habari za kwaya nyingine ambazo nyimbo zake zilitoka kanisani au shuleni zikaenda mbali, hadi redioni na sokoni. Tukagundua kwamba swali letu lilikwisha kuulizwa kwingine kabla yetu. Ndiyo maana historia mnayoisoma haianzii hapa parokiani. Tuvumilieni, tutarudi.

Tuanze na wimbo ambao hakuna harusi ya mjini inayopita bila kuusikia, Oh Happy Day. Mwaka 1967, kaskazini mwa jimbo la California huko Marekani, mpiga piano kijana Edwin Hawkins na mwenzake Betty Watson walikusanya vijana kutoka makanisa ya Church of God in Christ wakaunda kwaya. Walikuwa karibu 50. Walitaka kusafiri hadi Washington kwenye kongamano la vijana wa kanisa lao na hawakuwa na nauli. Wakafanya jambo ambalo kwaya yoyote ya Kenya ingelifanya: walirekodi santuri ya kuwauzia waumini. Hawakuingia studio ya maana. Walirekodi ndani ya kanisa mjini Berkeley kwa mitambo ya kawaida, na nakala zilizochapwa mwanzoni zilikuwa 500. Anayekumbuka jinsi sisi tulivyozunguka na katoni ya kaseti katika vigango vyote atawaelewa vijana wale bila maelezo zaidi.

Miongoni mwa nyimbo za santuri hiyo ulikuwamo wimbo wa zamani wa kanisa uliotungwa na Philip Doddridge, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18. Hawkins aliupangia sauti upya, akautia piano na mdundo mwingine kabisa. Aliyeongoza ni binti aitwaye Dorothy Combs Morrison. Mwaka 1969 mtangazaji mmoja wa redio mjini San Francisco aliucheza, simu zikaanza kulia, na kampuni ya biashara ikauchukua. Ulifika nafasi ya 4 katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Marekani, na nafasi ya 2 Uingereza. Mwaka uliofuata ulipata tuzo ya Grammy. George Harrison wa kundi la Beatles alikiri kwamba wimbo wake wa My Sweet Lord ulizaliwa baada ya kuusikia huo.

Yako mambo mawili katika kisa hicho yaliyotufanya tusimame. La kwanza, wakuu kadhaa wa kanisa lao hawakufurahi. Wimbo wa Bwana kuchezwa katika stesheni moja na nyimbo za vilabuni! Hapa parokiani nasi tumeyasikia hayo, hasa mwaka ule tulipoingiza kinanda cha umeme na gitaa la besi. La pili ndilo kubwa zaidi kwetu. Kwaya ile ilikuwa na jina, Northern California State Youth Choir. Santuri ilipotolewa na kampuni, kwenye lebo pakaandikwa The Edwin Hawkins Singers. Hatusemi kwamba Hawkins aliiba kitu, kwani mpangilio ule ulikuwa wake na bila yeye wimbo usingekuwapo. Lakini vijana waliochangishana nauli waligeuka kuwa "waimbaji wa fulani" bila hata noti moja ya wimbo kubadilika. Hata Dorothy Morrison, ambaye sauti yake ndiyo watu walikuwa wakiipigia simu redioni, baadaye alitoka akaimba peke yake.

Mwaka huohuo wa 1969, katika orodha hiyohiyo ya Uingereza, uliingia wimbo mwingine wa kwaya. Huu ulikuwa wa Kilatini, na waimbaji wake walitoka mahali tunapopaelewa zaidi: Kamina, katika Katanga ya Kongo, nchi ambayo Kiswahili kinasemwa sokoni na kanisani hadi leo.

Hapa tunaomba tukae kidogo, maana hii ni hadithi ya Wakatoliki wenzetu. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953 na akaanzisha kwaya ya wavulana na walimu wa shule. Wavulana walikuwa kama 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, na walimu kama 15. Waliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Tarehe 23 Machi 1958 waliimba kwa mara ya kwanza misa iliyokuja kujulikana kama Missa Luba. Kumbukeni ulikuwa mwaka gani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano haukuwa umeitishwa, na hati yake ya liturujia ilipitishwa tarehe 4 Desemba 1963, zaidi ya miaka mitano baadaye. Padre aliadhimisha kwa Kilatini akiwa amewapa waumini mgongo, na ngoma katika makanisa mengi zilihesabiwa kuwa kitu cha kuacha nje pamoja na viatu vya matope. Wale wavulana walibaki na maneno ya Kilatini vilevile yalivyo, Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Agnus Dei, lakini wakayaimba kwa namna ya kwao, ngoma zikiwamo.

Na namna ya kwao haikuwa ya kubahatisha. Kyrie ilijengwa kama kasala, utenzi wa maombolezo wa Waluba, ambamo kiongozi anatoa na watu wanaitikia. Katika Credo, inapofika sehemu ya kusulubiwa kwa Bwana, husikika ule utaratibu wa kutangaza msiba. Sanctus ilitokana na wimbo wa kuagana. Hosanna ikapata mdundo wa ngoma ya Kasai, na Agnus Dei ikafuata wimbo wa watu wa Bena Lulua. Mtu aliyeketi kanisani Kamina siku ile, hata kama hakujua neno moja la Kilatini, alijua panapoliliwa na panapochezwa. Sisi wenyewe tumejaribu Sanctus hiyo mara mbili. Mara zote mbili tenor walipotea njiani, na hatutawataja, ingawa kijitabu hiki kinahusu majina.

Sasa, nani alitunga? Jina linalosomeka kwenye santuri ni la Padre Haazen. Lakini misa ile haikuandikwa mezani kisha ikafundishwa. Ilizaliwa mazoezini. Waimbaji walipewa maneno, wakajaribu, mmoja akaongeza sauti hapa, mwingine akajibu pale, hadi sauti zikakaa. Kiongozi wa sauti pekee alikuwa Joachim Ngoi, mwalimu wa shule ileile ya Kamina, na mengi aliyoimba yalitoka kichwani mwake papo hapo. Walioko kwenye kwaya wanajua jambo hili linavyokwenda. Mwalimu analeta wimbo ukiwa mifupa. Siku ya Jumamosi mama mmoja wa alto anakosea kwa namna nzuri, mwalimu anasema "rudia hapo hapo", na Jumapili kosa lile ndilo wimbo wenyewe. Je, tumwite mtunzi nani? Padre Haazen alistahili sifa kubwa, kwa kuwa aliwafungulia mlango wakati ambapo wengine walikuwa wanaufunga. Hata hivyo tunaona lebo ile ingekuwa ya kweli zaidi kama ingekuwa na mistari mingi zaidi.

Mwaka huo wa 1958 walipelekwa Ulaya wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na sauti zao zikatolewa kwenye santuri na kampuni ya Philips. Miaka kumi baadaye Sanctus yao ilitumika katika filamu ya Kiingereza iitwayo if...., nayo ndiyo iliyoisukuma hadi kwenye orodha ya mauzo. Hivyo vijana wa Uingereza wakanunua Sanctus ya Kamina dukani kama walivyonunua nyimbo za dansi. Wale wavulana 45 walikuwa watu wazima wakati huo, na kwenye jalada hawakuwa na majina.

Huku kwetu wengi waliisikia Missa Luba kwa mara ya kwanza kutoka kwa Wakenya. Muungano National Choir, chini ya Boniface Mghanga, waliirekodi upya pamoja na nyimbo za kienyeji za Kenya, santuri ikatoka mwaka 1990. Wazee wetu wawili wa besi wanaikumbuka, na wanadai ndiyo iliyowafanya waje kwaya. Tumeamua kuwaamini.

Kisa cha Solomon Linda kinajulikana zaidi, basi tukipite kwa haraka, ingawa ndicho kinachouma kuliko vyote. Linda alikuwa Mzulu aliyesoma shule ya misheni huko Natal, akaenda Johannesburg kutafuta kazi, akaajiriwa kufunga mizigo katika kampuni ya Gallo iliyotengeneza santuri. Mwaka 1939 yeye na wenzake, The Original Evening Birds, walirekodi Mbube, maana yake simba. Walikuwa sita, na kwa furaha yetu majina yao yalihifadhiwa pamoja na sauti zao: Linda aliimba soprano, mwanaume kwa sauti ya juu, Gilbert Madondo alto, Boy Sibiya tenor, na besi walikuwa Gideon Mkhize, Samuel Mlangeni na Owen Sikhakhane. Linda alipokea shilingi 10 za wakati ule na haki za wimbo zikabaki kwa kampuni. Wamarekani wakaugeuza kuwa Wimoweh, kisha The Lion Sleeps Tonight, uliofika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1961. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe. Watoto wenu wanaujua wimbo huo kutoka filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Binti zake walipigania haki yao hadi mwaka 2006 ndipo yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa na kumtambua baba yao kama mtunzi.

Tukiwa bado Johannesburg, turudi nyuma kidogo. Katibu yeyote wa kwaya akisikia habari za Enoch Sontonga lazima ashike kichwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya Kimethodisti na mwongozaji wa kwaya. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Nyimbo zake aliziandika kwa tonic sol-fa, do re mi hizihizi tunazozitumia Jumamosi, kwa mkono, katika daftari la shule. Alifariki mwaka 1905. Waongozaji wa kwaya nyingine walikuwa wakiliazima daftari hilo kwa mjane wake, na mwishowe likapotea. Daftari limepotea! Wimbo mmoja ukabaki kwa sababu watu walikuwa wameushika vichwani, na leo ndugu zetu wa Tanzania na Zambia wanausimamia kwa sauti yake, pamoja na Afrika Kusini yenyewe. Lakini kaburi lake halikujulikana lilipo hadi miaka ya tisini, na kumbukumbu yake ikawekwa rasmi katika makaburi ya Braamfontein tarehe 24 Septemba 1996. Baada ya kusoma hayo tulikwenda kabatini kuhesabu madaftari yetu. Tulipaswa kuwa na manne. Aliyeazima la nne anajua, nasi tunasubiri.

Hata wimbo wetu wa taifa una jambo hilo ndani yake. Mwaka 1963 iliundwa tume ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti ya wimbo waliipata kwa Wapokomo wa Tana River, kwa msaada wa Mzee Meza Moroa Galana. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea mtoto. Majina ya hao sita yapo kwenye vitabu, na ni vizuri yapo. Kina mama walioubembeleza wimbo huo vizazi na vizazi kabla ya tume kufika hatutawahi kuwajua, na hapo hapana wa kulaumiwa.

Kwa upande wetu, wengi wa walioimba kwenye kaseti ile wapo hai, na hilo ndilo lililotuamulia. Kama hatuwezi kuandika majina wakati wenye majina wanaweza kuulizwa, tusingeweza kujitetea kwamba ni unyenyekevu.

Tulirudi kwenye mkutano wa pili na habari hizi. Hatutaficha kwamba palikuwa na maneno makali. Mzee mmoja alisema sifa ni za Mungu, akakaa. Mama mmoja wa soprano, mwanzilishi, akasimama akasema kwamba yeye ameitwa "na kwaya" kwa miaka 50 na hajalalamika, lakini mjukuu wake alimwuliza kama ni kweli yuko kwenye kaseti ile, na hakuwa na kitu cha kumwonyesha. Baada ya hapo Baba Paroko aliomba tupige kura. Waliokubali majina yaandikwe walikuwa wengi. Kuhusu yule mama wa wimbo wa tatu kura zilikaribiana sana, ila zilitosha.

Wajumbe wawili walikwenda kwake. Aliwapa chai. Walimsomea sentensi tuliyokusudia kuandika, akaomba tuongeze kwamba siku ya kurekodi yule aliyempa sauti ya kuanzia alikuwa mpiga kinanda wetu wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, kwa kuwa umeme ulipotea na kinanda hakikufanya kazi, akampa kwa mdomo. Hakuna aliyekuwa akijua hilo. Tumeongeza.

Kwa hiyo kurasa nne za mwisho za kijitabu hiki zina majina ya wanakwaya wote tuliowapata katika miaka 50, kwa mpangilio wa sauti: soprano, alto, tenor, besi, halafu wapiga vyombo. Walioaga dunia wamewekewa msalaba mdogo. Waliohama parokia, waliohama Kanisa na waliowahi kusimamishwa hawana alama yoyote, na herufi zao ni sawa na za wengine. Rekodi mpya ya Jubilei itakapowekwa YouTube itakuwa na majina ya walioimba chini yake, pamoja na la mwalimu, ambaye alisema yake liwe katikati ya tenor.

Palipo na mistari mitupu, kuna sauti kwenye picha au kaseti ambazo hatujazitambua. Ziko kumi na moja, saba zikiwa alto. Picha zimebandikwa kwenye ubao karibu na mlango wa sakristia, na kalamu imefungwa kwa uzi hapo hapo. Baada ya Misa kaseti itachezwa ukumbini, upande wa pili kwanza. Ukiitambua sauti, njoo kwenye meza ya katibu kabla ya chakula.

Na lile daftari la nne, tafadhali.